Sanduku la Kiranja Halipekuliwi

Kitu ambacho sikukigundua ni hiki: harufu ile ilikuwa kali zaidi nilipokuwa peke yangu.

Lau ningeligundua hilo mapema, kijana mmoja hangerudishwa kwao wiki mbili kabla ya mtihani wa kidato cha nne, nami nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia hapa. Lakini sikugundua. Nilikuwa na shughuli nyingi za kuwanusa wenzangu.

Ilikuwa Oktoba 1985, katika shule ya bweni ya wavulana iliyodhaminiwa na kanisa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Matiliku. Jina la shule nitalihifadhi. Waliohusika wana watoto na wajukuu, na baadhi yao wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni Kiilu. Wakati huo nilikuwa kiranja wa bweni, na pia katibu wa Ushirika wa Kikristo.

Vyeo viwili, funguo mbili, na kijumba changu mwenyewe: pembe ya bweni iliyotengwa kwa mbao nyembamba, yenye kitanda, sanduku la mabati na msumari wa kutundikia koti. Wenzangu thelathini na wanane walilala upande wa pili wa mbao hizo, kitanda juu ya kitanda.

Mlangoni palibandikwa orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku. Niliijua kwa moyo.

Redio. Stovu. Kioo kikubwa kuliko kiganja. Mafuta ya nywele yenye manukato. Nambari sita, chakula chochote kutoka nyumbani. Nambari tisa, pombe, sigara na miraa.

Na mwisho kabisa, nambari kumi na nne: "Na kitu kingine chochote ambacho mwalimu wa zamu au kiranja ataona hakifai."

Hiyo ndiyo niliyoipenda. Ilikuwa ufunguo mmoja unaofungua kufuli zote.

Siku ya kufungua muhula nilisimama mlangoni kukagua mizigo. Nikamkuta Kivuva na chupa ya asali.

Kivuva alitoka Kyuso, kaskazini mwa Kitui, safari ya siku mbili kwa basi na kwa miguu. Alikuwa mrefu, mkimya, hodari wa hisabati. Ufunguo wa sanduku lake aliuvaa shingoni kwa uzi wa katani, na hakuuvua hata akioga.

"Chakula cha nyumbani," nikamwambia. "Nambari sita."

"Hiyo ni dawa ya kifua, kiranja."

"Dawa huwekwa kwa nesi."

"Basi nipelekee kwa nesi."

"Nitapeleka."

Nakumbuka vizuri kwamba nilisema nitapeleka.

Mwanzoni mwa Oktoba tukapata habari njema. Mchungaji Ndululu, aliyehudumia makanisa sita kwa pikipiki moja, angekuja Jumapili kutuandalia Meza ya Bwana.

Kazi ya kutayarisha kinywaji ilikuwa yangu. Kanisa letu halikugusa divai. Tuliloweka zabibu kavu kwa maji ya moto, tukatia utamu, tukachuja, tukahifadhi katika mtungi wa lita tano. Nilifanya hivyo siku ya Alhamisi.

Jumamosi tukaambiwa pikipiki ya Mchungaji imeharibikia Mbumbuni na kipuri kimeagizwa Nairobi. Tusubiri.

Tukasubiri.

Jumatano iliyofuata, tukiwa tunatandika vitanda asubuhi, Kilonzo alisimama ghafla na shuka mkononi. Kitanda chake kilikuwa karibu na kijumba changu, na mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Jamani, nani ameoza?"

Watu wakacheka. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kucheka.

Ilikuwa harufu tamu na chachu kwa pamoja, kama tunda lililosahauliwa mfukoni mwa koti. Haikuwa kali. Ilikuja, ikaenda, ikarudi.

Mwalimu Gicheru, naibu wa mwalimu mkuu, alipita kukagua bweni saa moja baadaye. Alikuwa mtu wa Murang'a, mnyofu, asiyepaza sauti. Alivuka kizingiti hatua mbili, akasimama kama aliyeitwa jina.

"Hii ni harufu ya koti la baba yangu," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Akanigeukia.

"Kiranja, kuna pombe katika bweni hili."

Lazima nikiri jambo hapa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kunusa pombe. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Tukialikwa harusini, tulikaa upande ambao upepo ulitoka. Nilijivunia ujinga huo kama mtu anavyojivunia cheti.

"Nitampata, Mwalimu," nikasema.

Nikafungua daftari jipya.

Sijawahi kuona watu thelathini na tisa wakigeuka haraka namna ile. Aliyechelewa kurudi kutoka mtoni aliulizwa alikuwa na nani. Aliyecheka sana alinuswa. Aliyenyamaza sana aliandikwa. Muli, wa kitanda cha kumi, alikuwa na mazoea ya kutafuna majani ya mpera baada ya kula. Nikaandika: *Muli, majani, anaficha nini?*

Kilonzo alianza kupumulia watu usoni kwa hiari yake. "Haa! Umenusa? Safi. Andika safi, kiranja."

Lakini kila nilipofungua daftari, kalamu ilirudi kwa jina moja.

Kivuva alikuwa akifungua sanduku lake huku ametugeuzia mgongo. Alitoa alichotaka, akafunga, akavuta kufuli mara mbili kuhakikisha. Miaka minne tuliishi naye, na hakuna aliyewahi kuona chini ya sanduku lile.

Mtu asiye na cha kuficha hageuzi mgongo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Jumamosi asubuhi, kabla ya uji, Mwalimu Gicheru aliamuru masanduku yatolewe nje, yapangwe kwenye nyasi. Nilipita nikiyapekua moja moja. Zilipatikana betri mbili, mkebe wa mafuta ya kupikia na kioo. Vyote nikavitia katika mfuko wangu wa nailoni, kama kawaida.

Nikafika kwa Kivuva.

"Fungua."

Akavua uzi shingoni polepole, akafungua. Nguo. Vitabu. Sabuni. Nikatia mkono chini kabisa na kugusa sweta kuukuu iliyoviringishwa. Sweta ya mtu mzima.

"Hiyo iache, kiranja."

"Kwa nini?"

"Nakuomba."

Nikaikunjua. Ndani mlikuwa na kipande cha tunda la mvungunya, kirefu kama mkono, kilichokauka na kupasuliwa katikati. Kilikuwa chepesi, chenye nyuzinyuzi kama sponji.

Mimi sikukijua. Kilonzo alikijua.

"Aiya! Muatine!"

Kila mtoto wa Ukambani aliyewahi kuingia kwa nyanya asiyeokoka aliujua muatine. Ndio unaotumbukizwa katika maji na asali ili kaluvu, pombe ya asali, ichachuke. Huoshwa, hukaushwa, hutumiwa tena, na hurithiwa.

Mwalimu Gicheru akasogea.

"Hiki ndicho kinachochachusha?"

"Ndiyo, Mwalimu," watu kumi wakajibu.

"Kivuva, una la kusema?"

"Ninalo, Mwalimu. Orodha inasema pombe. Hiki ni kipande cha mti. Nani amewahi kulewa kwa kutafuna mti?"

Watu wakaanza kucheka.

"Nambari kumi na nne," nikasema, na kicheko kikakatika.

"Basi harufu imetoka wapi?" Kivuva akauliza. "Hiki ni kikavu. Kishike, Mwalimu. Kinuse."

Mwalimu Gicheru hakukishika. Aliweka mikono nyuma, kama mtu aliye karibu na moto.

"Kinafanya nini shuleni?"

"Ni cha baba."

"Baba yako yuko wapi?"

"Alikufa nikiwa kidato cha kwanza."

"Mama je?"

"Mama ameokoka, Mwalimu. Alipookoka alichoma vyombo vyote vya pombe. Akikiona hiki atakichoma. Na siku ya ntheo ya kaka yangu, tutakapopeleka mbuzi na pombe kwa wakwe, wazee watakiulizia. Kwetu hakuna kitu chenye kufuli ila hili sanduku."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Sikuyaamini. Niliona yamepangwa vizuri mno.

"Mwalimu, naomba kitu kimoja tu," Kivuva akaendelea. "Kama ni kupekua, tupekuliwe wote. Na la kiranja pia lifunguliwe."

"Sanduku la kiranja halipekuliwi," nikasema.

"Imeandikwa wapi?"

Vichwa vyote vikageukia mlangoni, kwenye orodha. Mistari kumi na minne. Haikuwa imeandikwa popote.

"Kiranja, si ufungue tu utuonyeshe soksi zako tukanywe uji?" Kilonzo akasema. "Uji unaganda!"

Wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi. Mwalimu Gicheru akanitazama. Nafikiri alikuwa akisubiri niseme, "Sawa, Mwalimu, nafungua." Neno moja lingetosha.

"Mwalimu, mimi ni katibu wa Ushirika," nikasema.

Huo ndio uliokuwa utetezi wangu wote, na ulikubaliwa.

Kivuva alipewa barua: aende nyumbani, arudi na mzazi siku bodi ya shule itakapokutana, katikati ya Novemba. Karatasi ya kwanza ya mtihani ilikuwa tarehe ishirini na tisa Oktoba. Alijua hesabu kuliko sisi sote, kwa hiyo hakuuliza.

Muatine ulifungiwa katika kabati la Mwalimu Gicheru, usubiri bodi.

Kivuva akajitwika sanduku begani. Alipofika nilipokuwa nimesimama, akapunguza hatua.

"Harufu ikibaki, kiranja, utamshuku nani?"

Harufu ilibaki.

Haikubaki tu, ilikua.

Jumatatu nikaamuru sakafu isuguliwe kwa dawa. Jumanne tukaanika magodoro yote. Jumatano wakaanza kunong'ona kwamba watu wa Kyuso wana mambo yao, kwamba Kivuva ameacha kitu ukutani ili atukomeshe. Vijana waliokuwa wakiongoza maombi wakaanza kulala wawili kitanda kimoja.

Sikukemea uvumi ule. Ulinifaa.

Alhamisi Kilonzo alinifuata nje ya darasa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa akitabasamu.

"Kiranja, nikuulize kitu? Usikasirike."

"Uliza."

"Wewe ukitoka bwenini, harufu inapungua. Ukirudi, ukifungua mlango wa kijumba chako, inaongezeka. Sasa mimi najiuliza, wewe unaifuata harufu ama harufu inakufuata?"

Nilimpa adhabu ya kuchota maji mitungi minne.

Jumapili, tarehe ishirini, pikipiki ya Mchungaji Ndululu ilisikika kutoka mbali. Tulijipanga kanisani kwa mashati meupe. Walimu walikaa mbele. Nikaenda kijumbani, nikainama chini ya kitanda changu, nikauvuta mtungi.

Ulikuwa umevimba kidogo tumboni. Nilipolegeza kifuniko ulitoa sauti, pssss, na povu jembamba likapanda. Nikadhani ni joto. Makueni mwezi wa Oktoba, kila kitu huvimba.

Nikamimina katika vikombe vidogo, nikavifunika kwa kitambaa cheupe nilichokipiga pasi mwenyewe.

Mchungaji alikuwa mzee mnene, mwenye sauti laini. Aliomba. Vikombe vikagawiwa. Akainua chake, sisi tukiwa tumeshika vyetu tukimsubiri, akanywa.

Akasimama hivyo hivyo, kikombe mdomoni.

Hakumeza mara moja. Alikiweka kinywaji kile ulimini, macho yamefumbwa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la rafiki wa zamani. Kisha akameza.

"Wapendwa," akasema, "tafadhali msinywe."

Mstari wa mbele, Mwalimu Gicheru alikuwa tayari amekiweka kikombe chake chini. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Nani ametengeneza hiki?" Mchungaji akauliza.

Nikasimama. Mungu anisamehe, nilisimama kwa fahari kidogo.

"Mimi, Mchungaji."

"Umetia nini, mwanangu?"

"Zabibu kavu, maji ya moto, na asali."

"Kwa nini asali?"

"Sukari haikuwapo stoo."

"Ulichemsha?"

"Nililoweka tu. Kuni ziliisha mara maji yalipopata moto."

"Na kimekaa siku ngapi?"

"Kumi na saba."

"Mahali gani?"

Hapo ndipo nilipoanza kusikia majibu yangu mwenyewe.

"Chini ya kitanda changu."

Mchungaji Ndululu aliutazama mtungi, akanitazama mimi. Kulikuwa na kicheko usoni mwake, na alikuwa akipigana nacho kwa heshima ya mahali pale.

"Mwanangu, kabla Bwana hajanipata, mimi nilikuwa mpika kaluvu. Watu walivuka mito kuja kunywa kwangu. Asali, maji, mahali pa joto, na siku zake. Hiki ulichotuletea mezani ni kaluvu." Akafuta midomo kwa leso. "Na msiniulize kama ni nzuri."

Kanisa zima likalipuka. Hata walimu. Ni watu wawili tu ambao hawakucheka: mimi na Mwalimu Gicheru.

Vicheko vilipopoa, Mchungaji akauliza swali la mwisho, kwa upole, kana kwamba halikuwa na uzito.

"Asali yenyewe ulitoa wapi?"

Nilikuwa na jibu, nililitayarisha tangu nilipoifungua ile chupa: kwamba kilichonyang'anywa kwa haki kinaweza kutumiwa kwa Bwana. Jibu hilo lilinitosha kijumbani. Mbele ya watu halikutoka.

Sauti ikatoka viti vya nyuma.

"Ni ya Kivuva, Mchungaji," Kilonzo akasema. "Alimnyang'anya siku ya kufungua. Alisema anapeleka kwa nesi."

Mwalimu Gicheru akatoka. Akarudi na muatine, ungali umefungwa katika sweta. Mchungaji akaupokea, akaunusa, akaugonga kwenye benchi. Ko, ko, kama mfupa.

"Muatine unaofanya kazi hulainika na kunata," akasema. "Huu haujaonja maji miaka mingi. Ni wa nani?"

"Ni wa mwanafunzi niliyemfukuza," Mwalimu Gicheru akasema. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sisi wa karibu tu tuliisikia, "Mimi nilimjua mlevi, Mchungaji. Mpika pombe sikuwahi kumjua."

Siku hiyo hiyo Mchungaji aliandika barua kwa mwenzake wa Kyuso, akaikabidhi kwa dereva wa basi. Jumatatu Mwalimu Gicheru akapiga simu ya maandishi kutoka posta. Zilibaki siku nane kabla ya mtihani, na Kyuso ilikuwa mwendo wa siku mbili, na hatukujua kama posta ya huko hupeleka ujumbe vijijini.

Jumanne, hakuna mtu. Jumatano, hakuna mtu. Nilikuwa nikikaa darasani natazama dirishani, kila vumbi lilipotimka barabarani nilihesabu watu.

Bwenini hakuna aliyenisemesha. Harufu ilikuwa imekwisha. Ningefurahi kama ingekuwapo.

Ijumaa mchana niliitwa ofisini kwa Mwalimu Gicheru.

Kivuva alikuwa amesimama karibu na mlango, viatu vyeupe kwa vumbi. Kando yake alisimama mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Mama yake, Mutindi. Alikuwa amepewa kiti, akakataa kukaa.

"Barua yenu ndiyo iliyoniambia," alikuwa akisema. "Mimi sikujua kitu hiki kiko wapi. Miaka mitatu nakitafuta."

Muatine ulikuwa mezani. Hakuwa ameugusa bado.

"Nilimshuku shemeji yangu, Musyoka. Nilisema ni yeye tu, nani mwingine anajua thamani yake? Miaka mitatu sijamsalimia, Mwalimu. Nikikuta ndoo yake kisimani, narudi nyumbani bila maji."

Kivuva aliinua kichwa. Nadhani hata yeye hakuwa akijua hilo.

"Mwaitu," akasema, kama Wakamba wanavyomwita mama, "nilidhani utauchoma."

"Uliniuliza?"

"Ulichoma pembe za kunywea. Ukachoma mitungi. Niliona."

"Nilichoma vya pombe. Huu nilikuwa nimeuficha mimi mwenyewe, juu ya dari, ndani ya sweta ya marehemu. Ulidhani nani aliuviringisha hivyo?"

Mama akanyoosha mkono, akauchukua muatine pamoja na sweta yake, akaukumbatia kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala.

"Niliacha pombe, Kivuva. Baba yako sikumwacha."

Mwalimu Gicheru alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama nje. Alipogeuka alikuwa amevua miwani.

"Mama Kivuva, nimekukosea. Nimemkosea na mtoto wako." Akamwangalia Kivuva. "Rudi darasani. Mtihani ni Jumanne, utafanya pamoja na wenzako. Kuna kitu unachotaka kutoka kwa shule hii?"

Nilidhani atataka niadhibiwe. Nilikuwa tayari. Nadhani ningependa.

"Kiranja afungue sanduku lake," Kivuva akasema.

Tulilitoa kwenye nyasi, mahali pale pale. Bweni zima lilikuja, na hakuna aliyekuwa amewaita. Nikapiga magoti, nikafungua kufuli, nikainua kifuniko.

Nilikuwa nimesahau mengi ya yaliyomo. Hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu hadi leo.

Vioo vitatu. Betri. Mkanda wa ngozi. Nusu mkebe wa mafuta ya kupikia, na nusu nyingine nilikuwa nimeitia katika chakula changu mwenyewe. Barua ya Muli kutoka kwa msichana wa Mbumbuni, niliyoisoma mara tatu na kuificha kwa usalama wake. Chini kabisa, chupa ya asali, tupu.

"Aiya," Kilonzo akasema, "hata kitana changu! Na ulinisaidia kukitafuta!"

Sikuwa mwizi, kwa jinsi nilivyojiona. Kila kitu nilikichukua kwa sheria. Ni kwamba baada ya kukichukua sikukipeleka popote, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuniuliza.

Wakaja mmoja mmoja, wakachukua vyao. Hakuna aliyenitukana, jambo ambalo lingekuwa rahisi kulibeba. Kivuva alikuja mwisho. Akaichukua chupa tupu, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka katika sanduku lake.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Sawa," akasema.

Ni hilo tu. Alifanya mtihani, akatupita sote katika hisabati. Hatukuwahi kuwa marafiki. Miaka mingi baadaye, nikiwa nafundisha chuo kikuu, nilisikia kwamba kaka yake alioa, na kwamba Musyoka ndiye aliyepika kaluvu ya ntheo. Mama Mutindi hakuionja, lakini alikaa naye meza moja.

Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu haki za mwanafunzi, mipaka ya upekuzi, wajibu wa kumsikiliza mshtakiwa kabla ya kumhukumu. Nimeandika makala juu yake. Lakini ninachokijua hasa nilikijua nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi zile. Kosa langu halikuwa kushuku. Kulikuwa na jambo la kushukiwa kweli. Kosa langu ni kwamba nilianza kushuku kuanzia upande wa pili wa ukuta wa mbao, nikaacha kitanda changu nje ya hesabu. Na mwenzangu alipouliza imeandikwa wapi, alikuwa akiuliza swali la haki, mimi nikalisikia kama ukaidi.

Ikiwa leo wewe ni mwalimu, mzazi au kiranja mwenye orodha mkononi, anza na sanduku lako. Likiwa safi, hujapoteza kitu.

Jumamosi ile Mwalimu Gicheru aliibandua orodha mlangoni. Akakata nambari kumi na nne kwa wino mwekundu, akaandika nyingine mahali pake kwa mkono wake: hakuna sanduku litakalofunguliwa mwenyewe asipokuwapo na kusikilizwa, kila kitakachochukuliwa kitaandikwa na kurudishwa siku ya kufunga, na sanduku la kwanza litakuwa la kiranja.

Nilibaki shuleni wiki tano zaidi. Kila Jumamosi, kabla ya uji, nilifungua langu kwanza.